Vidole Tisa

Mlangoni pa soko, hapa Isevya,
kuna ndoo ya koki, kipande cha sabuni ya mche,
na kijana mwenye fimbo aliyepewa cheo na ugonjwa.
"Nawa, mzee." Nanawa.
"Na hicho?"
Gumba la kulia nimelikunja kiganjani
kama mtoto aliyeficha pipi.

Miaka thelathini na mmoja nilipangua reli.
Njia ya Kigoma, njia ya Mwanza, njia ya Mpanda,
zote zilipita mkononi mwangu hapa Tabora.
Kwa hiyo niliposikia kwamba mionzi ina ratiba,
dozi ishirini na tano, siku tano kwa wiki,
Jumamosi na Jumapili mwili upumue,
sikuuliza. Ratiba naijua.

Kalunde alipanda treni na matobolwa,
na kopo la asali ya Sikonge.
Huko Mwanza wakamlaza chini ya mashine,
wakamchora misalaba mitatu ya wino:
mmoja kando ya kovu,
mmoja ubavuni,
mmoja katikati ya kifua, pale kifungo cha gauni kinapokaa.
Wakamwambia: hapa ndipo mwanga unapopita.
Usipasugue.

Dozi ya tisa ikapita.
Ya kumi ikakuta mlango umefungwa.
Mwendesha mashine ana homa, wenzake wako karantini,
wagonjwa wa karibu warudi kwao,
wa mbali nao warudi kwao.
Akashuka stesheni na barakoa ya kitenge
na kadi yenye visanduku kumi na sita vitupu.

Na dunia nzima siku zile ilisema: osha.
Redio osha, msikiti osha, mwenyekiti wa mtaa osha.
Shangazi yake, Nyanzala, akaja na chungu cha majani
ili mgonjwa ajifukize, atoke jasho, taka zote zitoke.
Nikasimama mlangoni kwangu kama askari:
mvuke wako utafuta njia.
Akanuna. Akajifukiza mwenyewe uani,
tukamsikia akikohoa kwa hasira.

Jioni nilimwogesha mke wangu kwa kitambaa,
nikiizunguka ile misalaba
kama mtu anayefagia penye mayai.
Ngozi hapo ilikuwa imeungua, nyeusi juu ya nyeusi.
Hatukuongea.
Wiki ya pili wino ukaanza kuondoka,
si kwa maji. Kwa kuishi tu.

Nikapiga simu. Sauti ya binti, imechoka:
pitisha kalamu juu ya mstari uleule, baba,
usipouona, acha.
Mkono huu uliohamisha mabehewa
ukatetemeka mbele ya kitu cha urefu wa punje ya mpunga.
Kalunde akacheka, mara ya kwanza tangu arudi:
"Mihayo, unanipeleka Mpanda."

Siku ya kumi na tisa, daktari mwenyewe.
Wamefungua. Wamepiga hesabu upya:
zile kumi na sita zitakuwa kumi na moja,
kila moja nzito zaidi,
asikae sana foleni na wanaokohoa.
Nikasema: na hizi siku kumi na tisa?
Akanyamaza. Kisha:
"Uvimbe haukuwa likizo, mzee. Tutajaribu."

Najua treni iliyochelewa haikimbizwi kwenye kona.
Najua pia kuna mzigo unaoozea stesheni.

Msindikizaji haruhusiwi.
Kiti kimoja mtu, kiti kimoja hewa.
Akaondoka na njia zake tatu chini ya khanga,
nami nikabaki na doa kwenye gumba,
wino uliovuja nilipokuwa nafuta kosa.

Leo ni dozi ya nne, au ya tano.
Simu yake haipatikani tangu juzi.
Itakuwa chaji. Chaji huko ni shida.

"Mzee, vidole ni kumi."
Hesabu naijua, mwanangu.
Naosha tisa, kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha.
Cha kumi bado kiko kazini.